SUMU SHAMBANI NA BAHARINI: TULIYOYAONA MTWARA
Na Katibu wa Chama

Wanachama wetu wakitajiwa ajali za kazini hukumbuka jambo moja tu, nalo ni mchumaji kuanguka mkarafuuni. Hapana ajabu, maana mkarafuu ni mti mrefu, matawi yake hukatika bila ya kutoa habari, na ni nadra msimu kupita bila ya mtu kuvunjika. Hata daftari la ajali la chama chetu limepigwa mistari kwa ajili hiyo: jina la mchumaji, shamba la nani, tarehe, na ameanguka kutoka wapi. Mtu aliyeumwa na nyoka akiokota mpeta, au aliyevamiwa na nyuki juu ya mti, hana pa kuandikwa. Basi haandikwi, na asiyeandikwa hapati cho chote.

Jambo hili lilinikaa moyoni nilipokuwa Mtwara. Nalikwenda huko kutazama ukulima wa korosho, nikapanda mpaka Newala na Tandahimba, kisha nikashuka pwani hadi Msimbati na Kilambo, pale Mto Ruvuma unapokaribia bahari. Nimeona yafaa niwaandikie wanachama niliyoyaona na niliyoyasoma, kwa kuwa kazi ya wenzetu wa Kusini inafanana na yetu kuliko tunavyodhani.

Kwanza fikirini jinsi korosho inavyovunwa. Karafuu tunaifuata juu; korosho humfuata mtu chini. Bibo likiiva huanguka pamoja na korosho yake, na kazi ni kuinama na kuokota, mti baada ya mti, katika majani makavu yaliyolala chini ya vivuli. Kazi huanza kiasi cha mwezi wa Septemba au Oktoba na huendelea mpaka Januari. Waokotaji wengi ni wanawake na watoto, kama walivyo waokota mpeta kwetu. Hutoka alfajiri kabla ya jua kuwa kali, mikono mitupu, na miguuni kandambili au hapana kitu. Mkono huingia ndani ya majani kabla ya jicho.

Tena kabla ya kuokota iko kazi ya kupuliza salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga. Kazi hiyo hufanywa usiku wa manane au alfajiri, umande ungali juu ya majani, ili unga ushike. Mpulizaji amebeba mgongoni mashine yenye kelele nyingi. Macho yake yako juu ya mti, masikio yake hayasikii kitu, na miguu yake iko gizani. Nilipomwuliza mzee mmoja wa Tandahimba kama haogopi, alicheka akasema, "Mwanangu, naogopa ubwiriunga. Nyoka hula mguu wa mtu mmoja, ubwiriunga hula watoto wangu wote." Nikanyamaza.

Nyoka anayewangoja hapo chini ni kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma. Ni mfupi na mnene, rangi yake ni ya majani makavu, na tabia yake ni kulala tu. Nyoka wengi husikia mtikiso wa nyayo wakajiondokea. Kifutu haondoki. Hutegemea rangi yake imfiche, naye hungoja panya apite. Akikanyagwa, au mkono ukimgusa, hupiga kwa upesi usioweza kuonekana. Kwa hiyo mwenye kuumwa na kifutu mara nyingi huumwa mguuni au mkononi, naye ni mtu aliyekuwa akifanya kazi yake tu, hakumchokoza nyoka wala hakumwona. Sumu yake huvimbisha, hutoa malengelenge, na huozesha nyama. Ndiyo sababu watu wengi wanaopona hubaki na mguu usiofaa kazi, na mkulima asiye na mguu hatuwezi kusema kwamba amepona.

Juu ya uwanda wa Makonde, katika vichaka vizito, yuko ndugu yake mkubwa zaidi, mzito, mwenye mapambo mgongoni kama mkeka wa rangi. Meno yake ni marefu kuliko ya nyoka wo wote wa sumu duniani, hufikia kiasi cha sentimita 5. Bahati ya watu ni kwamba yeye ni mpole sana na huuma kwa nadra.

Habari za nyoka wa Newala zimejulikana ulimwenguni kwa sababu ya mtu mmoja, C. J. P. Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, ambaye watu walimwita Bwana Nyoka. Aliingia katika Idara ya Wanyama ya Tanganyika mwaka 1933, akakaa Liwale miaka mingi, na jina lake limeshikamana na pori la Selous. Alipoacha kazi ya serikali aliendelea na kukamata nyoka. Aliwakamata kwa maelfu, akawapeleka wakiwa hai kwenye makumbusho, bustani za wanyama na maabara. Newala palikuwa mahali pake pa kupendeza, maana ndipo alipowapata kwa wingi wale nyoka wa kijani wa juu ya miti ambao Waingereza huwaita mamba. (Neno hilo limetoka lugha ya Kizulu. Kwetu mamba ni yule wa mtoni, na Ruvuma wamejaa, kwa hiyo mtu akisema Kilambo kwamba ameona mamba yafaa umwulize ni yupi.) Watu walikuwa wakimletea habari, "Bwana, yuko mmoja katika mwembe wangu," naye hupanda kwa fimbo ndefu yenye koleo mwisho wake, akamshika, akamtia mfukoni. Aliumwa mara nyingi katika maisha yake na vidole vyake viliharibika. Alifariki mwaka 1968.

Namtaja mtu huyu kwa sababu moja. Kazi yake ilionyesha jambo ambalo wakulima hawakulisadiki: kwamba nyoka wa kijani walikuwa wengi mno mashambani na katikati ya vijiji, ndani ya miembe na mikorosho ile ile ambayo watu walikuwa wakiichuma kila siku, na hata hivyo walioumwa walikuwa wachache. Nyoka huyu ni mwoga. Chakula chake ni ndege, popo na panya wa mitini, na akisikia mtu anapanda hukimbilia tawi la mbali. Yumo Unguja pia, na mikarafuu haimchukizi. Lakini sumu yake ni kali, hufanya mtu avimbe, apate kizunguzungu, kisha pumzi humpungukia. Mchumaji akimwona basi asimpige kwa mkowa wala asimrushie kitu; ashuke, angoje, apande mti mwingine. Nyoka atahama mwenyewe. Tena si kila nyoka wa kijani ni huyo, wako wengi wa kijani wasio na madhara, lakini juu ya tawi la mkarafuu si mahali pa kusomea elimu hiyo.

Koboko naye yuko bara, na hapana haja ya kumweleza, kila mtu amemsikia. Fira wa kutema mate nataka nimweleze kidogo, kwa kuwa yumo visiwani na tena ni nyoka wa nyumbani. Huingia usiku akifuata panya, na panya hufuata mpunga na muhogo uliowekwa ndani. Aliyelala chini juu ya mkeka huumwa akigeuka usingizini. Wachumaji wetu wa dago wanajua ninachosema, maana katika vibanda vya dago hulala watu kumi chini, na chakula kimewekwa kichwani pao. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya mkeka au godoro humzuia mbu na humzuia nyoka pia, na wenye shamba wanaochukua wachumaji wa dago wangefanya vema wahesabu vyandarua kama wanavyohesabu pishi. Fira akitema machoni, dawa ni maji, maji mengi safi, kwa muda mrefu, jicho likiwa wazi, kisha hospitali. Asitiwe mkojo, wala tumbaku, wala majani yaliyotwangwa, maana mambo hayo ndiyo yaletayo upofu.

Sasa nifike penye uzito. Niliwauliza watu wengi wa Kusini jinsi mambo yanavyokwenda mtu akiumwa, na majibu yalikuwa karibu sawasawa. Mwanamke huumwa asubuhi. Wenzake hupasua kanga wakamfunga mguu juu ya goti, kwa nguvu, mpaka damu isipite. Mwingine huleta wembe akachanja. Kisha huletwa jiwe jeusi la nyoka likabandikwa juu ya jeraha, nalo likishikamana watu husema linanyonya sumu. Akikaa saa kadhaa bila nafuu hupelekwa kwa mganga, na huko hulala. Siku ya pili au ya tatu, mguu umekuwa mweusi, ndipo hutafutwa bodaboda, naye huwekwa katikati ya watu wawili, kwa maili nyingi za mchanga, mpaka zahanati. Na zahanati humwandikia barua ya kwenda mbele, Ligula mjini Mtwara, au Ndanda kwa wale wa upande wa Masasi. Kila mtu katika habari hii amefanya alilolijua kwa nia njema. Lakini kamba ile iliyofungwa mguuni mara nyingi ndiyo iliyoua mguu.

Waganga wa hospitali siku hizi wanakubaliana juu ya jambo hili, nami nalisema wazi ili lisomwe kwa sauti penye vijana wasiosoma. Aliyeumwa alazwe, atulizwe, asitembee wala asikimbie, maana mwendo huisukuma sumu mwilini. Pete, bangili na viatu vivuliwe mara moja kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe pamoja na kijiti, kama mfupa uliovunjika, ili kisitikisike, lakini kifundo kisikaze. Asichanjwe, asinyonywe, asibandikwe jiwe, asinyweshwe pombe wala dawa ya kutapisha. Akianza kutapika au kulegea macho alazwe ubavu. Na haya yote yafanyike huku gari linatafutwa, yasije yakafanywa badala ya gari. Nyoka asifuatwe, watu wengine huumwa wakimtafuta, na hata kichwa cha nyoka aliyekwisha kufa huweza kuuma. Ikiwa mtu anayo simu yenye kupiga picha, na nyoka bado yupo mahali pa wazi, picha ya mbali yatosha.

Kuhusu jiwe la nyoka najua nitapata barua. Wazee wetu wanalitumainia, nami sitaki kuwavunjia heshima. Lakini fikirini: nyoka wengi waumao hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Watu hao wangalipona hata kwa kubandikwa kigae cha chungu. Jiwe huchukua sifa ya wale wasiokuwa na sumu mwilini, na wale waliokuwa nayo hawarudi kuja kulilaumu.

Dawa ya kweli ni moja, nayo ni ile inayotengenezwa kutokana na sumu yenyewe. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ikazoea na kutoa kinga, na kinga hiyo ikasafishwa ikatiwa chupani. Dawa inayofaa nyoka wa huku kwetu kwa miaka mingi imetoka Afrika ya Kusini, nayo hupinga sumu ya kifutu, ya koboko, ya nyoka wa kijani na ya mafira. Dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa nchi nyingine haimfai mtu aliyeumwa na nyoka wetu, hata kama imeandikwa juu ya chupa kwamba ni ya nyoka. Ni ghali. Mgonjwa mmoja huenda akahitaji chupa nyingi. Tena mwili wa mtu huweza kuikataa kwa ghafula, kwa hiyo lazima itiwe hospitalini penye mganga na dawa za kuokoa. Kwa sababu ya bei, hospitali ndogo haziweki, na kwa kuwa haziweki wagonjwa hawaendi, na kwa kuwa wagonjwa hawaendi huonekana kama kwamba dawa haihitajiwi. Mzunguko huo si wa Mtwara peke yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu baina ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na kwamba katika Afrika watu 435,000 hadi 580,000 kwa mwaka huumwa kiasi cha kuhitaji matibabu. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto wao. Hata hivyo jambo hili halikuingizwa katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa mpaka mwaka 2017, na ndipo mwaka 2019 Shirika likaweka shabaha ya kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Chanzo cha kutohesabiwa ni kile kile cha daftari letu: anayekufia shambani au kwa mganga hawi katika hesabu ya hospitali.

Niache nyoka, nije kwa adui mdogo ambaye wachumaji wetu humjua kuliko nyoka ye yote, yaani maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani wakafanya vikapu juu ya miti. Hana sumu ya kuua. Huuma kwa meno, kisha hupinda tumbo akarushia ukali wake ndani ya kidonda, na jina lake lamtosha. Lakini mtu aliye mita kumi juu, mkono mmoja umeshika tawi na mwingine umeshika kikonyo, sisimizi mia wakimpanda shingoni, hufanya lile ambalo mwili hulifanya bila ya kuuliza akili: huachia mkono ajipanguse. Katika daftari huandikwa "ameanguka kutoka mkarafuuni". Ni kweli ameanguka, lakini sababu haikuandikwa. Nadhani tukiuliza vizuri tutaona kwamba baadhi ya maanguko yetu ni ya sisimizi, na ya nyuki, na ya nyigu, wala si ya tawi bovu.

Wengi watasema basi tuwachome moto. Hapa ndipo Mtwara palinifundisha. Katika kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, wataalamu wamejifunza kuwatumia sisimizi hawa kuwa walinzi wa mikorosho, maana huwinda wale wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa. Mkulima mwenye maji moto wengi hupunguza gharama ya dawa. Zanzibar jambo hili lilijulikana zamani kwa upande wa minazi: mtaalamu M. J. Way alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba mnazi wenye maji moto huokoka na mdudu aangushaye nazi changa. Lakini mtaalamu huyo huyo aliandika pia, mwaka 1954, juu ya mikarafuu yetu, na huko habari ni nyingine. Aliona kwamba maji moto huwafuga wadudu gamba wanaonyonya mkarafuu, wakawalinda na kunywa utamu wao, kama mtu afugavyo mbuzi. Kwa hiyo mlinzi wa mnazi na mkorosho si rafiki wa kutumainiwa katika mkarafuu. Sikuja na amri kwa wanachama. Nasema tu kwamba mwenye shamba la mchanganyiko, minazi na mikarafuu, asiwaangamize wote kwa hasira. Aondoe viota vya miti itakayochumwa juma hilo, asubuhi na mapema sisimizi wakiwa wazito kwa baridi, kwa mti mrefu na mfuko, kabla mchumaji hajapanda. Wenzetu wa korosho hujipaka majivu mikononi na miguuni, nao husema yanasaidia kwa muda. Shati la mikono mirefu lililofungwa vifundoni husaidia zaidi.

Nyuki ni hatari kubwa kuliko inavyosadikiwa. Wazee wa bara watakumbuka habari za mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ambao ndio ulioleta bandari na reli Mtwara. Matrekta yaliposukuma mibuyu kule Kongwa, nyuki waliokuwa ndani ya mashimo walitoka wakawatia watu hospitalini. Kampuni yenye mamilioni ya pauni haikuwaza kutazama ndani ya mti. Basi nasi tutazame: mkarafuu mzee wenye tundu, ukionekana una nyuki wanaoingia na kutoka, utiwe alama ya chokaa, na wachumaji waambiwe. Akivamiwa mtu, akimbie mbali sana, uso umefunikwa, asisimame akapigana. Miiba ikwanguliwe upesi kwa ukucha. Na yule ambaye kwa mwiba mmoja tu huvimba midomo na kukosa pumzi asingoje hata dakika moja. Huyo haja yake ni ya hospitali sawa na aliyeumwa na koboko, na juu ya mti asipande tena.

Nge na tandu nitawapita upesi. Hukaa chini ya magunia na majamvi. Wa pwani huumiza sana, lakini kwa mtu mzima mara chache huua. Kwa mtoto mdogo yataka kuangaliwa. Kung'uteni magunia.

Nilipofika Msimbati nilidhani nimekwisha kumaliza mambo ya sumu, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma yamekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na vijiji vilivyo ndani yake huishi kwa samaki, pweza, chaza, chumvi, mpunga na minazi. Maji ya bamvua yakitoka, mwamba huwa wazi mpaka mbali, na wanawake huenda na vijiti vyao kutafuta pweza katika mashimo. Bibi mmoja alinionyesha nyayo zake, akaniambia, "Kila kovu lina jina lake, babu. Hili la taa, hili la chafi, na hili sikumwona, lilikuwa jiwe." Jiwe hilo nalijua kwa maelezo yake: ni samaki afananaye na jiwe lenye ukungu, asiyejitikisa hata ukimkaribia, mwenye miiba ya sumu mgongoni iwezayo kupenya soli ya kandambili. Uchungu wake, alisema, ulimfanya aombe mguu ukatwe. Wako pia kome wa koni, wazuri wa kupendeza, ambao watoto huwaokota na ambao mmoja wa aina zao huweza kumwua mtu mzima kwa mwiba mdogo kama sindano. Mtoto asimtie kome hai mfukoni.

Watu wa huko wamwogopa sana nyoka wa baharini, lakini wengi niliowauliza walinieleza mkunga, ambaye ni samaki, huuma vibaya ila si kwa sumu ya nyoka. Nyoka wa bahari wa kweli katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki ni mmoja tu, mweusi mgongoni na manjano tumboni, mkia wake bapa kama kasia. Sumu yake ni kali, naye hukaa bahari kuu, akitupwa ufukweni na mawimbi huwa dhaifu. Aachwe alipo.

Kwa miiba ya samaki iko dawa rahisi ambayo kila mwanachama mwenye jiko anayo, nayo ni maji ya moto. Mguu utiwe katika maji yenye moto kiasi cha kuvumilika bila kuunguza, na mtu mwingine mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa kuwa aliyechomwa hasikii tena moto kwa sababu ya uchungu. Akae humo nusu saa mpaka saa moja na nusu, maji yakibadilishwa yakipoa. Uchungu wa taa, wa chafi, wa ngogo na wa yule samaki jiwe hupungua sana kwa njia hiyo. Kisha kidonda kioshwe, na mwiba uliobaki ndani utolewe na mganga. Bibi yule wa Msimbati alilijua jambo hili kabla sijamwambia. Mama yake alilifanya kwa maji ya chungu. Wake zetu wanaolima mwani hukanyaga mchanga ule ule, na nawaomba waburute miguu wakitembea katika maji, badala ya kuinyanyua, ili taa asikie na kuondoka.

Yabaki swali la nani alipe. Bara kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015, waajiri ndio wachangiao. Ni jambo zuri. Lakini mwokota korosho anayelipwa kwa kipimo siku mbili hapa na siku tatu pale, asiye na barua wala mkataba, nani atasema alikuwa kazini kwa nani? Zanzibar tuna sheria yetu mbali, na mchumaji wa karafuu yuko katika hali hiyo hiyo: leo kwa huyu, kesho kwa yule, malipo kwa pishi jioni. Mguu ukioza hubaki ni mguu wake peke yake. Mwenye shamba mmoja alipata kuniambia kwamba nyoka si chombo chake cha kazi, kwa nini amlipie. Naam, lakini na tawi la mkarafuu hakulivunja yeye, na bado twakubali kwamba aliyeanguka asaidiwe.

Kwa hiyo nimeandika shauri litakaloletwa mbele ya Halmashauri kabla ya msimu. Daftari la ajali lipigwe mistari upya, liwe na nafasi ya kuandika sababu: tawi, kamba, sisimizi, nyuki, nyoka, nge, samaki, au nyingine. Aliyeumwa au kuchomwa akiwa kazini katika shamba la mwanachama ahesabiwe sawa na aliyeanguka. Kila tawi liweke akiba ya fedha ya nauli, ndogo tu, kwa karani, itolewe bila ya kikao, kwa kuwa nyoka hangoji kikao. Kila tawi lijue kwa jina ni hospitali gani iliyo na dawa ya nyoka mwezi huo, na karani apige simu kuuliza kabla ya uchumaji kuanza, asitumainie jibu la mwaka jana. Chama kinunue viatu vya mpira na tochi kwa bei ya jumla na kuwauzia wenye mashamba bila faida, na mwenye kuchukua waokota mpeta zaidi ya watano awape viatu hivyo kwa muda wa kazi.

Najua juu ya viatu kutakuwa na maneno. Tutayasema katika mkutano. Kabla ya hapo naomba kila mwanachama anayekumbuka mtu aliyeumwa au kuchomwa shambani kwake katika misimu mitatu iliyopita ampelekee karani wa tawi habari hizi: kazi aliyokuwa akifanya, kitu kilichomwuma, alipelekwa wapi kwanza, siku ngapi alikosa kazi, na nauli ililipwa na nani. Jina la mtu si lazima. Karatasi ziko kwa makarani, na zinapokewa mpaka mwisho wa mwezi.